Mgeni Aliyetikisa Finjani Sokoni Mutrah

Saa nne unusu asubuhi, jua la Muscat limeshaanza kuuma shingo. Zuwaina bint Nasser anawasimamisha Wajerumani wanane mbele ya lango la Soko la Mutrah, upande wa bandarini. Mgongo wake uko kivulini, wao wako juani.

Wameshauona Msikiti Mkuu. Wameshapiga picha mbele ya kasri lililokaa katikati ya ngome mbili za Wareno. Sasa wanafuta jasho na kunusa udi unaotoka ndani ya soko, na yeye bado hajawaambia waingie.

"Nawaweka juani makusudi," anasema kwa sauti ya chini, huku akiwatabasamia. "Aliyekuja kutazama atavumilia. Aliyekuja kwa jambo jingine ataanza kuangaza macho huku na huku."

Leo hakuna anayeangaza macho. Anainua mwavuli wake wa kijani, na kundi linamfuata.

Zuwaina ana umri wa miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na moja amekuwa akiwatembeza wageni katika jiji hili kwa leseni. Sokoni wanamwita Mama Qais, kwa jina la kifungua mimba wake. Huvaa baibui jeusi na raba nyeupe, na hutembea haraka kuliko wageni wengi walio na nusu ya umri wake.

Kabla ya hapo aliandaa kifungua kinywa katika hoteli moja ya ufukweni. Kijerumani chake alikiokota pale pale, kutoka kwa watu waliolalamika kwamba mayai yamepikwa sana. Mpaka leo, anasema, akikasirika kwa lugha hiyo ni mwepesi kuliko akifurahi.

Msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Aprili. Siku ya kundi kamili humpa riyali thelathini. Kiangazi joto linapowafukuza wageni wote, hukaa nyumbani kushona kofia kwa mkono, na kofia moja yenye vitobo vya nakshi vilivyoshonwa vizuri humchukua hata miezi miwili.

Wanaomfahamu husema Zuwaina hamwamini mtu. Akiambiwa jambia hili ni kazi ya Nizwa, huligeuza atazame mgongo wake. Mgeni akisema hana njaa, huuliza amekula wapi. Hata simu ya kumwomba mahojiano haya aliikata mara mbili, akidhani anauziwa bima.

"Kazi hii inataka jicho kali," anajitetea. "Unashika watu usiowajua, unawaingiza katika nyumba za watu wanaokujua. Ukikosea, wageni wanapanda meli wanakwenda zao. Wewe unabaki na majirani."

Nyumba anayoisemea hasa ni moja. Nyuma ya duka la ubani la Mzee Musallam bin Ghabish, katikati ya soko, kuna chumba chenye mkeka, mito ya kuegemea na dirisha la mbao linalotazama kichochoro. Mzee huyo alitoka Dhofar akiwa kijana, akakikuta chumba hicho kwa baba yake. Hapo hauzi kitu. Hapo huwakaribisha watu kahawa na tende, kwa mkono wake mwenyewe, na hataki malipo.

Katika soko zima, mwongoza wageni mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuwaleta watu humo. Hoteli mbili humpigia simu Zuwaina kwa sababu hiyo.

"Wenzangu wana leseni kama yangu, na baadhi wana midomo mitamu kuliko wangu," anasema. "Hawana chumba. Chumba kikiondoka, na mimi naondoka."

Ndani ya chumba hicho ana mchezo wake. Mzee Musallam hushika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto na finjani kwa wa kulia, akamimina kahawa kidogo. Mgeni akinywa na kurudisha finjani, humiminiwa tena. Akirudisha, tena. Mtu aliyetosheka anatakiwa kuitikisa finjani kulia na kushoto, lakini wageni hawajui, na Zuwaina hawaambii. Huwaacha wanywe mpaka watokwe na macho, ndipo awaoneshe, na chumba kizima kicheke.

Ni kwa mchezo huo, Januari iliyopita, alivyomnasa mtu.

Alikuja katika kundi la watu wa meli, ingawa hakushuka melini. Alijiandikisha kwa jina la Jeri, wa Toronto. Kijana wa kama miaka thelathini, kaptula, kofia ya jua, Kiingereza cha puani. Alilipa, akafuata kimya kimya. Hakupiga picha hata moja, na mkono wake wa kushoto haukutoka mfukoni.

Kwa Mzee Musallam alikunywa finjani mbili. Akiwa anatazama dirisha, mawazo yake mbali, akaitikisa ile ya pili, mara mbili, kwa vidole vitatu, akamrudishia mzee.

"Nikamtazama upya," Zuwaina anakumbuka. "Mtu wa Toronto hatikisi hivyo. Mtu wa Toronto akisomeshwa hutikisa kama anapiga kengele. Huyu mkono wake ulikuwa umelelewa."

Aliwamaliza wageni wake, akawafikisha kwenye basi, kisha akarudi mbio kwa Murad, Mbaluchi mwenye duka la vyombo vya fedha linalotazamana na duka la ubani. Murad hajawahi kukosa maoni.

"Yule ni mkaguzi wa leseni," alisema Murad bila kuinua macho kwenye bangili aliyokuwa akiisugua.

"Mkaguzi gani anayejilipia tiketi?"

"Basi ni mchumba. Amemwona binti yako."

"Binti yangu yuko chuoni, anasoma sheria."

"Ndiyo maana kaja kwa kujificha, dada yangu. Nani anajitokeza hadharani kumposa mke atakayemshtaki?"

Mzee Musallam, aliyekuwa ameketi mlangoni kwake akichambua ubani, hakupenda maneno hayo. "Mwacheni mgeni anywe," alisema. "Tangu nizaliwe sijamuuliza mtu pasipoti kwenye mkeka."

"Ami, huyu si mgeni," alimjibu Zuwaina. "Ndilo neno ninalowaambia."

Wiki iliyofuata Jeri alirudi. Ziara ile ile, njia ile ile, na mkono ule ule mfukoni. Zuwaina alikuwa amekwisha kujipanga. Alimwomba Mzee Musallam, safari hii, awapitishie wageni chetezo cha ubani.

Kwa watu wa huku, chetezo kikizunguka maana yake mazungumzo yamekwisha. Mwenyeji hawezi kumwambia mgeni aende, kwa hiyo moshi humwambia. Wageni wa meli hawajui hilo. Wao hukohoa, hucheka, na huendelea kukaa.

Chetezo kilipomfikia Jeri, alifungua kola ya shati, akauvutia moshi kifuani kwa kiganja, akakipitisha kwa jirani yake. Kisha akasimama. Wenzake wote walikuwa wamekaa. Akajitazama, akawatazama, akajifanya ananyoosha mgongo, akakaa tena.

"Mgongo unauma?" Zuwaina alimuuliza, kwa Kiarabu.

"Sorry?" alijibu Jeri, na masikio yakamwiva.

Usiku huo Zuwaina hakulala vizuri. Bandarini kulikuwa na maneno yanazunguka, kwamba kuna kampuni inatengeneza ziara ya kusikiliza kwenye simu: mgeni anaweka vidude masikioni, anatembea peke yake, na sauti inamwambia pinda kushoto, hapa ni hapa na pale ni pale. Hoteli moja kati ya zile mbili ilikwishamuuliza kwa upole kama mwakani atapunguza bei.

"Nikajumlisha," anasema. "Mfuko ule. Kimya kile. Nikajua ninanaswa sauti."

Lakini kujua si sawa na kuthibitisha, na hakutaka kumpekua mtu mbele ya wageni. Aliamua kwamba akija mara ya tatu, atamzuia langoni.

Alikuja mara ya tatu, na hakumzuia. Hapo Zuwaina anajilaumu kidogo. Kijana alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kushonwa kwa mkono, na mshonaji wa kofia hawezi kuiona kofia nzuri asiitazame. Alipomaliza kuitazama, mwenye kofia alikuwa amekwisha kuingia sokoni pamoja na Waitaliano saba.

Murad aliiona kanzu ile kutoka dukani kwake. Alivuka kichochoro kwa hatua mbili akamnong'oneza Mzee Musallam sikioni. Alichonong'ona, amekiri baadaye, ni hiki: "Leo ndiyo leo. Anakuja kuposa."

Wakakaa wote mkekani. Tende zikazunguka. Mzee akamimina. Kijana akaipokea finjani yake kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele ya goti lake, na hakuinywa.

Waitaliano walikunywa zao. Murad, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kualikwa, aliacha kutafuna. Watu waliolelewa jangwani na milimani wote wanaijua ishara hiyo. Mgeni anayeiweka kahawa yake chini amekuja na haja, na hatainywa mpaka apewe. Mwenyeji akiiacha ipoe mbele yake, ni aibu ya nyumba.

Mwenyeji mwangalifu huweka mlango wa kutokea. Husema: kunywa, likiwa mkononi mwangu umepata. Kisha ndipo husikiliza haja yenyewe. Mzee Musallam ana umri wa miaka sabini na minne na amesema maneno hayo mara nyingi. Lakini siku hiyo kichwani mwake mlikuwa na harusi.

"Kunywa, mwanangu," alisema, uso umemkunjuka. "Ulilolijia umepata!"

Bila sharti lolote.

"Ami!" alipiga kelele Zuwaina, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Kijana akaondoa kofia, akaiweka gotini, na akazungumza Kiarabu cha Muscat kisicho na pua hata kidogo. Jina lake Yarub bin Hamdan. Anafanya kazi katika kampuni inayotengeneza ziara za kusikiliza. Wamemaliza msikiti, kasri, ngome na barabara ya pwani. Limebaki soko. "Tunaomba chumba hiki kiwe kituo chetu cha mwisho, mzee. Wageni wetu waingie, wakae, wasikilize."

"Wasikilize nani?" aliuliza Zuwaina.

"Sauti. Tumeshaitengeneza."

"Sauti ya nani?"

"Ya mtangazaji mmoja."

"Na maneno?"

Yarub akatazama mkeka. Akatoa mkono mfukoni, na ndani ya kiganja mlikuwa na kinasa sauti kidogo kuliko tende. "Maneno ni yako, mama."

Mwitaliano mmoja alipiga makofi. Alidhani ni sehemu ya ziara.

Mzee Musallam alikuwa amebadilika rangi. Alimgeukia Murad. "Wewe si uliniambia posa?"

"Kanzu ilinidanganya, ami," alisema Murad, akarudi nyuma hatua moja.

"Basi vunja ahadi," baadhi ya wasomaji watasema. Zuwaina anasema wazo hilo halikumjia hata mara moja. Mzee ambaye neno lake lingerudi nyuma asingekuwa na chumba cha kugombania. Watu huketi pale kwa sababu neno lake haligeuki. Hakumwomba aligeuze.

Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kunywa kahawa pamoja na wageni. Kazi yake ilikuwa kusimama pembeni, kutafsiri, na kunywa baadaye wakishaondoka. Sasa akavua raba, akakaa mkekani kati ya Waitaliano, akanyoosha mkono.

"Nimiminie, ami."

Mzee akammiminia. Zuwaina akaipokea finjani, akaiweka chini mbele ya goti lake.

"Yalaa!" alisema Murad.

Mzee Musallam aliitazama finjani ile. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeona ngazi akiwa shimoni. Safari hii alichagua maneno yake moja moja. "Kunywa, Mama Qais. Likiwa mkononi mwangu, umepata."

"Chumba umempa, na chumba ni chake," alisema Zuwaina. "Mimi nakuomba mlango. Asipite mtu mlango huu ila ameletwa na mtu. Anayemleta amtaje jina, aseme ametoka wapi, na aseme yeye ni mdhamini wake. Kama mgeni akivunja adabu, mdhamini ajibu. Ndilo ninalolitaka."

Kichochoroni mtu alikuwa akinadi halua.

"Hivyo ndivyo mlango huu ulivyokuwa zama za baba yangu," alisema Mzee Musallam polepole. "Mimi ndiye niliyezembea, kwa kuwa wewe ulikuwa unanifanyia bila kuambiwa. Umepata. Kunywa."

Zuwaina akainywa. Yarub alikaa akiitazama yake, iliyokwisha kupoa. Kinasa sauti kinaweza kueleza ubani unakatwaje na ngome ilijengwa na nani. Hakiwezi kusema: huyu ni Francesca, ametoka Bari, akikosea nishikeni mimi.

"Mwanangu, kunywa," alimwambia Zuwaina. "Umepewa ulichoomba."

Akainywa ikiwa baridi. Akaitikisa finjani.

"Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kutikisa," amesema Yarub, alipofikiwa kwa mazungumzo. "Kazini niliambiwa nijifanye mgeni ili niione ziara kama mgeni anavyoiona. Nilijizuia kwenye kila kitu. Mkono ulinisaliti. Mara ya tatu nikaona aibu, nikavaa nguo zangu na kuomba kama mtu anavyoomba."

Zuwaina anaamini nusu ya maelezo hayo. Nusu ipi, hasemi.

Baada ya wiki mbili kampuni ilirudi, safari hii kwa simu ya mchana na jina kamili. Walikuwa na chumba wasichoweza kukitumia. Walihitaji watu wa kupokea wageni langoni na kuwaingiza kwa majina. Walimtaka yeye awe wa kwanza.

Hakukubali siku hiyo wala iliyofuata. Mkataba aliupeleka chuoni kwa binti yake, Shinuna, ambaye aliurudisha ukiwa umechorwa chorwa kama kazi ya mwanafunzi mvivu. "Mama, hapa wanasema sauti yako ni yao milele," alimwambia. "Na hapa wanasema ukifa pia." Vifungu hivyo vimeondolewa, naye akatia saini. Ziara ya simu sasa inaishia langoni. Kuanzia hapo ni miguu na midomo ya watu, na ziara inataja jina la aliyesimulia habari zile kwanza.

Haikuwa ushindi mtupu. Hoteli moja imeacha kumpigia. Wageni wengine hufika langoni na vidude masikioni, wakamtazama kama mtu aliyewakatiza muziki. Lakini wanawake watatu wa Mutrah, wawili wao washonaji wa kofia kama yeye, wanatembea naye kila Jumamosi kujifunza kazi. Huwaambia mambo ya ngome kwa haraka. Anachokirudia mpaka wachoke ni namna ya kumtazama mtu machoni, kumuuliza jina lake na kulikumbuka mpaka mlangoni.

"Kwanza mshuku," anawafundisha. "Ukishamshuku ukamtazama vizuri, ndipo unaweza kumdhamini. Anayemdhamini kila mtu hamdhamini mtu."

Kuhusu Yarub, bado anamtazama. Kijana huyo huja mara moja moja kumsalimu Mzee Musallam. Huja wakati binti wa Zuwaina yuko likizo, kwa bahati tu, kila mara kwa bahati. Murad ameanza kusema kwamba hakukosea, aliwahi tu.

Zuwaina akiulizwa anataka nini msimu ujao, hutazama kwanza nyuma ya bega lake. Mzee Musallam amezeeka, na wanawe wako Salalah, hawalitaki duka. Siku moja mlango ule utafungwa, na ahadi zote mbili zitafungwa nao. Kwa hiyo anatafuta nyumba. Ndogo, ya zamani, yenye chumba kimoja cha chini kinachotosha mkeka wa watu kumi. Ameshaipata. Mwenye nyumba anadhani mpangaji anataka kuweka stoo ya kofia.

Anataka awe mwenyeji, si mwongozaji tu. Anataka kahawa imiminwe kwa mkono wake, na mtu akiiweka finjani chini, awe yeye wa kuamua.

"Nitaanza kila jibu na sharti," anasema, na kwa mara ya kwanza siku nzima anacheka kwa sauti.

Ameomba kichochoro chenyewe kisitajwe hapa, wala rangi ya mlango, mpaka funguo ziwe mkononi mwake. Magazeti, anasema, husomwa na wenye nyumba pia.